Sare kwenye mashindano ya kadi: kwa nini pointi 10 hazikutosha

Swali: Tulicheza Magic: The Gathering watu 44, raundi 5 za mfumo wa Uswisi (hakuna anayetolewa, kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi karibu na zako), halafu mtoano wa nane bora. Nilipoteza raundi ya 1 kwa 1-2, nikashinda ya 2 (2-0), ya 3 (2-1) na ya 4 (2-0). Raundi ya 5 tulikuwa 1-1 muda ukaisha katikati ya mchezo wa tatu. Tukacheza zamu za nyongeza, hakuna aliyemmaliza mwenzake, tukaandika sare. Waliofikisha pointi 12 au zaidi walikuwa 6, na wenye pointi 10 tulikuwa wanne tukigombea nafasi mbili. Wakaingia wengine wawili, na mmoja wao nilimfunga mimi mwenyewe raundi ya 3. Mimi nikawa wa 9, mpinzani wangu wa mwisho wa 10. Je, waamuzi walikosea? Na tungefanya nini tofauti? Nimeambatanisha msimamo.

Jibu: Waamuzi hawakukosea. Msimamo ulioutuma unatoka sawasawa ukiupigia hesabu, na tutaupiga hapa chini hatua kwa hatua. Ila swali lako la pili ndilo zito, kwa sababu jibu lake lilikuwa mezani kwenu kabla hamjaandika matokeo.

Kwanza tuelewane maneno. Mchezo ni mmoja; mechi ni michezo mitatu ambayo wa kwanza kushinda miwili ndiye mshindi. Sare inaweza kutokea kwenye mchezo au kwenye mechi, na hizo sare mbili hazifanani hata kidogo.

Mchezo mmoja unaweza kuisha sare hata muda ukiwa tele. Njia ya kawaida ni wachezaji wote wawili kufa kwa pamoja: mtu anacheza kadi ya Earthquake, kila mchezaji anapata dhara lilelile, na uhai wenu nyote unashuka hadi sifuri au chini yake kwa mpigo mmoja. Hapo hakuna aliyetangulia, mchezo ni sare. Njia nyingine ni mzunguko usio na mwisho ambao hakuna mwenye hiari ya kuukata. Mfano unaotumiwa sana ni Oblivion Ring tatu (kadi inayoondoa kadi nyingine mezani mpaka yenyewe itoke) pasipo kingine cha kulengwa: moja inaondoa nyingine, iliyoondoka inarudisha ya tatu, ya tatu inaingia na kuondoa tena, na kadi zenyewe zinalazimisha kila hatua. Sheria inasema mchezo huo ni sare. Lakini kama hata hatua moja ya mzunguko ni ya hiari, si sare. Anayeuendesha lazima ataje idadi ya mara na mchezo usonge mbele. Wengi hukosea hapa na kufunga mchezo kabla ya kumwita mwamuzi.

Mchezo ulioisha sare hauhesabiki kama ushindi wa yeyote, na mechi inaendelea mpaka mtu afikishe ushindi wa michezo miwili au muda uishe. Ndiyo maana unaweza kuona meza ikicheza mchezo wa nne. Aliyekuwa na haki ya kuchagua nani aanze katika mchezo ulioisha sare, anachagua tena katika unaofuata.

Sasa tuje kwenye mechi yako. Raundi ya kawaida ni dakika 50. Muda unapotangazwa kwisha, anayecheza wakati huo anamaliza zamu yake. Hiyo huitwa zamu ya sifuri. Baada ya hapo zinachezwa zamu 5 kwa jumla, si 5 kwa kila mtu. Kwa hiyo yule ambaye zamu haikuwa yake muda ulipoisha ndiye anayepata zamu ya 1, ya 3 na ya 5, na mwenzake anapata ya 2 na ya 4 tu. Kadi inayokupa zamu ya ziada haiongezi idadi; zamu hiyo inahesabiwa ndani ya zile tano. Ukitaka kujua una zamu ngapi za kuua, hesabu papo hapo, na mkubaliane kwa sauti: “Hii ni sifuri, inayofuata ni moja.” Wekeni kete mezani muigeuze kila zamu inapopita. Ugomvi wa “hii ni ya nne au ya tano” hutokea kila mashindano, na mwamuzi ambaye hakuwepo anapata kazi ngumu ya kuujenga upya mchezo wote.

Zamu ya tano ikiisha bila mshindi, mchezo huo ni sare, na mechi inaamuliwa kwa idadi ya michezo mliyoshinda. Aliyekuwa anaongoza 1-0 ameshinda mechi. Mkiwa 1-1, mechi ni sare. Na muda ukiisha mkiwa katikati ya michezo, katika raundi za Uswisi hamwanzi mwingine.

Angalia pia mnavyoandika. Mchezo wenu wa tatu ulianza na haukuisha, kwa hiyo matokeo sahihi ni 1-1-1, si 1-1. Mchezo usiokamilika unahesabiwa sare na unampa kila mmoja pointi moja ya mchezo, lakini pia unaingia kwenye idadi ya michezo iliyochezwa. Kwako wewe: michezo 8 uliyoshinda, pointi 3 kila mmoja, ni pointi 24, ongeza 1 ya sare, zinakuwa 25 kati ya 39 zinazowezekana kwa michezo 13. Hiyo ni asilimia 64.1. Ungeandika 1-1 tu ingesomeka 24 kati ya 36, yaani asilimia 66.7. Ni tofauti ndogo, lakini kuna watu wamekosa nafasi kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Pointi za mechi zinafanana na za ligi ya mpira: ushindi 3, sare 1, kupoteza 0. Kufanana kunaishia hapo. Kwenye mpira mkilingana pointi mnaangalia tofauti ya mabao au mlipokutana. Kwenye Magic kigezo cha kwanza baada ya pointi ni ugumu wa watu uliokutana nao: wastani wa asilimia ya ushindi wa wapinzani wako wote. Mkilingana tena, inatazamwa asilimia ya michezo yako mwenyewe, halafu asilimia ya michezo ya wapinzani wako. Kukutana ana kwa ana hakumo kabisa. Sababu ni kwamba katika mfumo wa Uswisi kila mtu anakutana na watu wachache tu. Kati ya ninyi wanne wenye pointi 10, wewe ulikutana na wawili, mwingine hukumwona. Ukianza kutumia waliokutana, utaishia kukwama: A kamfunga B, B kamfunga C, C na A hawajaonana.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa kila mpinzani chukua pointi zake, gawanya kwa idadi ya raundi alizocheza ukiizidisha kwa 3. Ikiwa jibu ni chini ya 0.33, linapandishwa hadi 0.33, ili mtu aliyepangiwa mpinzani dhaifu sana asiadhibiwe kupita kiasi. Halafu tafuta wastani.

Wapinzani wako kwa mfuatano: wa raundi ya 1 alimaliza na pointi 6, yaani 6/15 = 0.40. Wa raundi ya 2 alijitoa baada ya raundi 3 akiwa na sifuri, kwa hiyo anahesabiwa 0.33. Wa raundi ya 3, huyo unayemlalamikia, alimaliza na 10, yaani 0.667. Wa raundi ya 4 alikuwa na 9, yaani 0.60. Wa raundi ya 5 naye 10, yaani 0.667. Jumla ni 2.663, gawa kwa 5 unapata asilimia 53.3.

Yeye uliyemfunga alikutana na watu wa pointi 6, 10, 10 (huyu wa pili ni wewe), 9 na 9. Wastani wake ni asilimia 58.7. Mbona kamzidi aliyemfunga? Kwa sababu wewe ulipoteza raundi ya 1, ukashushwa kwenye kundi la walioanza vibaya, na raundi ya 2 ukapangiwa mtu aliyekuwa anaelekea kujitoa. Yeye alianza kwa ushindi na sare, kisha wewe ndiye ukamfunga. Kupoteza mapema kunaburuta wastani wako hadi mwisho, na hakuna unachoweza kufanya juu ya hilo. Aliyekufunga raundi ya 1 angeshinda mechi moja zaidi, ungefika asilimia 57.3 na bado ungebaki nje. Angeshinda mbili zaidi ungefika 61.3 na kumpita. Nafasi yako ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye huenda hukumkumbuka tena baada ya saa ya kwanza.

Ndiyo maana vigezo hivi vichukuliwe kama mvua: inaweza kunyesha, lakini hupandi ukitegemea inyeshe Jumamosi hii. Unachokimiliki ni pointi.

Turudi kabla ya raundi ya 5. Msimamo wako unaonyesha wachezaji 3 walikuwa na pointi 12 na 10 walikuwa na pointi 9, wewe ukiwa mmoja wao. Wale watatu hata wakipoteza wanabaki na 12. Wale kumi wakicheza wenyewe kwa wenyewe, hadi watano wanaweza kufika 12. Tatu na tano ni nane. Yaani ilikuwa inawezekana kabisa nafasi zote nane zijae kabla ya mtu mwenye pointi 10 kutazamwa. Kwa mwenye 9, sare ilikuwa nusu ya kuaga. Hesabu hii inachukua dakika mbili ukitazama msimamo uliobandikwa kabla ya raundi ya mwisho, na kila mwenye matumaini anapaswa kuifanya. Kwa wale wa 12 ni kinyume: wawili wakipangiwa pamoja wanaweza kukubaliana sare, wakabaki na 13 kila mmoja, wakaenda kula. Sare ya makubaliano ni halali, mradi hakuna kinachotolewa ili ikubaliwe.

Hapa niseme na waandaaji pia. Jedwali la raundi linalopendekezwa linatoa raundi 5 kwa watu 17 hadi 32, na 6 kwa watu 33 hadi 64. Watu 44 kwa raundi 5 ni kupanga msongamano wa walingana pointi mlangoni mwa nane bora. Raundi moja zaidi ni saa moja ya ukumbi, na ingepunguza sana kilio hiki.

Sasa meza yenu. Zamu ya tano imekwisha, mko 1-1, nyote mna 9. Mkiandika sare mnakuwa na 10. Mmoja akikubali kushindwa, mwenzake anafika 12 na kuingia bila kutegemea mtu, kwa sababu wenye 12 au zaidi wangekuwa 7. Aliyekubali angebaki na 9, nje, na kama ilivyotokea, nje ndiko mlikokuwa wote wawili. Sheria inaruhusu mchezaji kukubali kushindwa wakati wowote kabla matokeo hayajakabidhiwa. Unaruhusiwa kumuuliza mwenzako kama yuko tayari, na kumwonyesha msimamo. Huruhusiwi kumwahidi chochote: si pesa, si kadi, si sehemu ya zawadi, si “utanifanyia hivyo siku nyingine.” Neno moja la ahadi linageuza ombi halali kuwa rushwa.

Na msiamue kwa bahati. Kurusha sarafu, kurusha kete, au kufunua kadi za juu za mafungu yenu “tuone nani angeshinda” ni kosa, hata kama wote mmefurahi na hakuna pesa. Adhabu huanzia kupoteza mechi, na anayefanya akijua ni marufuku hufukuzwa mashindanoni. Hili la kufunua kadi ndilo linalowanasa watu wema, kwa sababu linaonekana kama udadisi tu. Ukiwa na shaka kuhusu unachotaka kusema, mwite mwamuzi kwanza, msogee kando ya meza, umuulize yeye kabla hujamwambia mpinzani.

Ila dawa bora ya sare ni kutofika huko. Dakika 50 kwa michezo mitatu ni wastani wa dakika 16 na kidogo kila mmoja, na humo kuna kuchanganya kadi na kubadilisha za akiba, kazi iliyopewa dakika 3 kati ya mchezo na mchezo. Chanzo kikubwa cha sare ni mchezo wa kwanza ulioburutwa: mtu ameshapotea, hana kadi yoyote katika fungu lake inayoweza kumwokoa, lakini anacheza zamu nane zaidi za heshima. Zamu hizo nane unazilipia katika mchezo wa tatu. Jiulize, “Kuna kadi gani ninayoweza kuvuta ikabadilisha hali?” Kama haipo, kusanya kadi, nenda wa pili. Fungu la kuzuia-zuia linaloshinda polepole linahitaji nidhamu hii mara mbili, na mwenye nalo ajizoeze kwa saa nyumbani.

Mpinzani akiwa anakawia, usisubiri dakika ya 45. Mwambie kwa upole aongeze kasi. Isiposaidia, inua mkono, mwamuzi aje akae atazame. Kucheza polepole bila nia mbaya kunaleta onyo, na mwamuzi huongeza zamu mwishoni kufidia. Kukawia makusudi ili muda uishe ni udanganyifu, na adhabu yake ni kufukuzwa. Kumbuka pia fidia ya muda: mwamuzi akisimamisha mechi yenu zaidi ya dakika moja kutoa uamuzi, mnastahili muda wa ziada, na mafungu yenu yakikaguliwa mnapata muda wote wa ukaguzi pamoja na dakika 3. Hakikisha umeandikwa hapo hapo. Muda ambao haukuandikwa ni vigumu kuudai kengele ikishalia.

Kwenye mtoano mambo yanageuka, kwa sababu sare hairuhusiwi. Mashindano makubwa huwa hayaweki saa kwenye nane bora, ila ya madukani mara nyingi huweka. Zamu tano zikiisha mkiwa mmelingana michezo, mwenye uhai mwingi zaidi ndiye mshindi wa mchezo uliopo. Hata kama meza yake ni tupu na wewe una majitu matano, kama yeye ana 7 na wewe 6, umeshindwa. Mkilingana uhai, mnaendelea, na yeyote atakayekuwa chini ya mwenzake kwa uhai anapoteza papo hapo. Kwa hiyo zamu hizo tano hazichezwi kama nyingine: kadi ya kuongeza uhai 3 ambayo ungeiacha mkononi inakuwa silaha, na kujidhuru ili kuvuta kadi kunakuwa gharama kubwa.

Ukihamia michezo mingine ya kadi usibebe sheria hizi nzima nzima. Kwenye Pokémon zamu za nyongeza baada ya ile ya sifuri ni 3, si 5. Sare za Uswisi pia ni pointi 1, na kiwango cha chini cha asilimia ya mpinzani ni 25. Kwenye mtoano wao hawatazami uhai bali kadi za zawadi: aliyebakiza chache kati ya zile 6 ndiye mshindi. Yu-Gi-Oh! huegemea pointi za uhai muda unapokwisha, kati ya zile 8000 za kuanzia, na ndiyo sababu wachezaji wengine huweka akiba ya kadi za kuchoma uhai kwa ajili ya dakika za mwisho. Sera yao ya mwisho wa muda imebadilika mara kadhaa, kwa hiyo soma toleo linalotumika kabla ya siku yenyewe. Ila wana kigezo kimoja cha kuvutia kwa mtu wa hali yako: tarakimu tatu za mwisho za namba yao ya msimamo ni jumla ya vipeo vya pili vya raundi ulizopoteza. Ukipoteza raundi ya 1 unapata 1. Ukipoteza raundi ya 5 unapata 25, na kubwa ndiyo bora. Wameweka wazi ndani ya namba kile ambacho Magic inakifanya kimyakimya kupitia wapinzani: anayeanguka mapema anabaki nyuma ya anayeanguka mwishoni.